Simu Iliyolala Ubavu juu ya Tenga

Mtu akishuka mlima Kitonga salama, breki za gari zikinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni, cha kwanza kumpokea ni joto. Cha pili ni nyanya: nyanya kando ya lami, nyanya ndani ya matenga ya mbao, nyanya zilizopondwa na matairi. Hapo ndipo Ruaha Mbuyuni, na hapo ndipo Evarista alipolelewa na shangazi yake, Faustina.

Mama yake alifariki Evarista akiwa hajajua hata kujifunga kanga. Faustina akamchukua huyo mtoto wa kaka yake, akamfundisha kazi kwanza na maneno baadaye: kufungulia maji ya mfereji bila kumkaushia jirani wa chini, kuchuma nyanya kwa kuizungusha wala si kuivuta, kupanga tenga ngumu chini na laini juu. Naye mtoto alikuwa wa maswali. Kwa nini mfereji unapinda hapa? Kwa nini nyanya hii imeiva na dada yake bado? Siku moja Faustina, ameinama shambani na jasho linamdondoka puani, akasema, "Huyu apelekwe kwa watu wenye majibu. Mimi nina nyanya tu." Ndivyo Evarista alivyofika Mbeya kusomea kompyuta, miaka ambayo wengi kijijini walidhani kompyuta ni televisheni iliyopewa meza yake.

Mbeya ilimpokea kwa baridi ya kung'ata masikio. Akapanga chumba na Ikupa, binti wa Kinyakyusa wa Tukuyu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walipomaliza chuo Ikupa akapata kazi Uyole kwa tajiri mwenye malori, kazi ya kupanga safari. Evarista akarudi nusu ya njia, Iringa, katika duka la Bhavin pale Mlandege. Wazee wa Mlandege wanalikumbuka duka hilo lilipokuwa likiuza vitambaa na tambi za taa, babu yake Bhavin akipima kitambaa kwa mkono wake, na akina mama wakimlalamikia kwamba Mungu alimpa mkono mfupi makusudi. Leo Bhavin anauza kompyuta na karatasi, na kwenye kona ya nyuma, karibu na dirisha, Evarista anatengeneza kurasa za mtandao: za shule, za nyumba za wageni, za makanisa.

Lakini ukurasa aliouweka moyoni ni mmoja, ule alioubuni na Ikupa. Malori yanatoka Mbeya kila siku na mchele na viazi kwenda Dar es Salaam, na mengi yana nafasi nyuma. Mbuyuni kuna nyanya zinazongoja gari. Katikati amesimama dalali, anamwambia mwenye lori hili na mwenye nyanya lile, na wote wawili wanamshukuru. Basi hao mabinti wakatengeneza ukurasa ambamo dereva mwenye nafasi anaonekana, mkulima anamchagua, anabonyeza kitufe kilichoandikwa *Nakubali*, na lori linasimama mbele ya matenga yake. Hakuna wa katikati.

Mzee Kalinga, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima na jirani wa Faustina upande wa juu wa mfereji, aliusikiliza mpango huo kwa mkono shavuni. Alitoa sharti moja, kwamba kukubali kufanyike kwenye simu ya mwenye nyanya tu. Wala Iringa, wala Mbeya, asiwepo wa kumkubalia mtu mali yake. Tajiri wa malori naye alitoa lake: dereva wake asisimame njiani kwa mtu yeyote ambaye hajabonyeza, maana kusimama ovyo ndiko kulikompotezea mizigo. Yote mawili yakaafikiwa. Likabaki la nani aanze.

"Nianze mimi," Faustina alisema mkutanoni. "Mtoto ni wangu na nyanya ni zangu. Zikioza, nitanuka peke yangu."

Watu walicheka. Evarista, aliyekuwa amekuja kueleza mambo, hakucheka. Alijua maana ya neno lile. Nyanya ya dalali huchumwa ikiwa bado na rangi ya chungwa, kwa kuwa dalali atamzungusha mtu leo na kesho. Nyanya ya lori lenye siku yake huchumwa nyekundu. Na nyanya nyekundu kwenye jua la Mbuyuni haina kesho.

Siku yenyewe ilipofika, Evarista alifungua duka kabla ya Bhavin. Asubuhi Ikupa alimpigia kutoka Uyole. "Lori lako lipo njiani, mwenzangu. Dereva ni Abrahamu. Mtu mzima, haendeshi kama anafukuzwa. Nafasi anayo tele. Wewe mwambie shangazi abonyeze tu."

"Umeujaribu ukurasa tena?"

"Nimeujaribu mpaka simu yangu imeota joto. Kitufe kipo, kizuri kama bibi harusi."

Evarista naye alikuwa ameujaribu. Kwenye kompyuta alilifinya dirisha la ukurasa likawa jembamba kama simu, akafungua upya, akaona sawa. Akalipanua, akafungua upya, akaona sawa. Akajipa moyo.

Jua lilikuwa limeshapanda simu yake ilipolia. Namba ilikuwa ya Didas, mwenye shamba linalopakana na la Faustina upande wa chini wa mfereji. Didas ana simu ndogo ya tochi, ndiyo inayotumika kwa maneno pale shambani. Simu kubwa, ya kufungulia ukurasa, ni ya Faustina.

"Eva," ilikuwa sauti ya shangazi. "Hakipo."

"Shikamoo shangazi. Hakipo nini?"

"Marahaba. Hicho kitufe chako. Lori naliona. Jina la Abrahamu naliona. Kitufe hakuna. Kilikuwepo, sasa hakipo."

"Kilikuwepo lini?"

"Nilipofungua. Nikawaita wenzangu waje, wakakaa, tukatazama, hakuna."

Evarista akafungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe. Kitufe hiki hapa, chini, cha kijani. "Shangazi, simu umeishikaje?"

"Nimeishika kwa mkono. Ulitaka niishike kwa mguu?"

Nyuma yake mtu alicheka kwa sauti ya dharau. Baadaye Didas alieleza kuwa dalali mmoja alikuwa amesimamisha pikipiki yake kando ya barabara tangu asubuhi, ameketi juu yake anatafuna muwa. "Mama Faustina!" huyo dalali akaita, na maneno yake yakafika mpaka Mlandege. "Ongeza vitunguu hapo, jioni tutengeneze kachumbari!"

"Kakojoe huko!" Faustina akamjibu, kisha akairudia simu. "Eva, fanya haraka. Hawa wananiangalia."

"Wazime simu waiwashe?" Bhavin aliuliza. Alikuwa ameingia, funguo bado mkononi, na aliona uso wa Evarista kabla ya kusikia lolote.

"Ngoja kaka Bhavin. Shangazi, niambie simu ilipo sasa hivi. Ipo wapi?"

"Ipo juu ya tenga. Imelala ubavu, nimeiegemeza kwa nyanya. Mimi hapa, Mzee Kalinga kulia, Didas kushoto. Tunaitazama kama watu wanaotazama mpira."

Evarista akafumba macho. Alijua tayari.

Kila mtu wa kikundi kile anaijua habari ya mwaka ambao simu zilikuwa mpya kijijini. Dalali mmoja alipita shamba kwa shamba, akimwita kila mkulima pembeni na kumwonyesha simu yake: tazama wewe mwenyewe, soko limeshuka, nimeandikiwa ujumbe. Kila mmoja alionyeshwa peke yake, na kila mmoja alionyeshwa jambo tofauti. Walipokuja kukutana kwenye msiba wakaulizana, aibu ikawakaa watu wazima kooni. Tangu hapo wakawekeana desturi kwamba nyanya haziuzwi kwa jicho moja. Mwenye mali ataketi na jirani wa juu wa mfereji na jirani wa chini, tenga litawekwa katikati, na kila kinachohusu mauzo kitawekwa juu ya tenga, watatu wakione. Evarista, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akibeba vigoda vya vikao hivyo. Vigoda alivibeba, na bado alipokaa Mlandege kuandika ukurasa, aliuandikia mtu mmoja aliyeshika simu wima kwa mkono mmoja.

"Shangazi, inyanyue simu. Isimamishe wima."

"Kha! Kimerudi!"

"Basi kibonyeze. Kibonyeze sasa hivi, shangazi."

Hapo ilisikika sauti nyingine, nzito, isiyo na haraka. "Faustina, usibonyeze. Nipe hiyo simu ndogo." Mzee Kalinga akaja hewani, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, binti."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nisaidie kuelewa. Mtu mmoja akiishika simu kifuani kwake, kitufe kinaonekana. Tukiiweka katikati ya watatu, kitufe kinajificha. Ndivyo?"

"Ndivyo mzee, lakini ni kosa la—"

"Kitu kinachoonekana kwa mtu mmoja na kujificha kwa watatu, sisi hapa tuna jina lake. Unalijua?"

"Dalali," alisema Mzee Kalinga. "Sasa umemtoa dalali barabarani umemtia ndani ya simu."

"Mzee, lori linakuja. Nyanya zimeshachumwa. Naomba leo abonyeze hivyo hivyo, nami nitarekebisha—"

"Leo hivyo hivyo, kesho hivyo hivyo. Hata yule wa ujumbe alianza na leo. Mimi sikatazi lori. Nakataza jicho moja. Kikitokea mbele yetu watatu, atabonyeza. Kisipotokea, lori litapita, na shangazi yako ataniita mimi adui, na nitavumilia."

"Sitakuita adui, nitakuita jina baya zaidi!" Faustina alisikika. Lakini hakubonyeza.

Evarista alitamani kumkasirikia mzee na hakuweza. Akamwomba Didas asikae mbali na simu, akakata, akavuta kiti.

Ukurasa wa mtandao haushonwi kwa kipimo cha mtu mmoja. Unafunguliwa kwenye simu ya mkulima na kwenye kioo kipana cha ofisini, na kote unatakiwa ukae vizuri. Kwa hiyo ndani ya skripti, yale maelekezo yanayouendesha, mna swali ambalo ukurasa unakiuliza kioo: wewe ni mwembamba au mpana? Mafundi huliandika *matchMedia*. Kioo kikijibu "mwembamba", skripti inaweka kitufe kwenye ukanda wa chini, karibu na dole gumba. Kikijibu "mpana", inakiweka pembeni, kando ya jina la lori, na ule ukanda wa chini unajificha, maana hauna kazi tena.

Skripti ya Evarista iliuliza vizuri. Tatizo ni kwamba iliuliza mara moja tu, ukurasa ulipofunguliwa. Ilikuwa kama mtu aliyemjulia hali mgonjwa alfajiri, kisha siku nzima akawa anawajibu watu "hajambo" bila kurudi chumbani kutazama. Faustina alifungua simu ikiwa wima. Skripti ikauliza, ikajibiwa "mwembamba", ikaweka kitufe chini, ikaenda zake. Alipoilaza ubavu kioo kikawa kipana, ukanda wa chini ukajificha kama ulivyoamriwa, ukaondoka na kitufe tumboni. Na Evarista hakuliona hilo kwa sababu kila alipofinya dirisha au kulipanua alifungua upya, na kila akifungua upya, skripti iliuliza upya. Yeye mwenyewe alikuwa akiisaidia bila kujua. Angeweza kuwaambia waufungue upya simu ikiwa imelala, lakini kitufe kinachotokea na kutoroka kisingempita Mzee Kalinga.

Simu ikalia. Ikupa. "Mbona shangazi hajabonyeza? Abrahamu amepita Ilula."

Ilula ni mbele ya Iringa, kuelekea Kitonga. Kama lori lingekuwa bado halijapita Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, angeshuka mbio akasimama katikati ya barabara. "Ikupa, mpigie. Mwambie asubiri."

"Nampigia tangu saa ile, hapokei. Huyo akikaribia Kitonga anaizima simu, anasema mlima haupendi simu. Ataiwasha akifika chini, anaposimama kupoza breki. Pale ataangalia ukurasa. Akiona jina la shangazi, anasimama Mbuyuni. Asipoliona, anapitiliza. Tajiri kamwambia hivyo, nami siwezi kulipindua."

"Kwa hiyo nina muda wa kushuka Kitonga."

"Una muda wa mtu mzima kushuka Kitonga. Mshukuru Mungu si kijana."

Evarista akaanza kuandika. Upo mstari wa kuiambia skripti isikae tu, isikilize: kioo kikibadilika, iitwe. Akalichukua lile swali kutoka lilipokuwa, mwanzoni, akalihamishia ndani ya huo mstari wa kusikiliza. Akakosea kuandika, akafuta, akaandika tena. Bhavin alimzuia mteja mlangoni aliyetaka kutoa nakala ya cheti. "Mzee wangu, dakika kidogo. Humu ndani kuna mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa nyanya."

Evarista akauweka ukurasa mpya hewani, akaufungua kwenye simu ya Bhavin, na papo hapo akaigeuza ubavu juu ya kaunta ya kioo. Kitufe kikaibuka pembeni, kijani kibichi, kando ya jina la Abrahamu. Bhavin akapiga kofi. Evarista alikuwa ameshapiga simu Mbuyuni.

"Didas, waambie wafunge ukurasa waufungue upya. Kitatokea."

Alisikia Didas akiwaambia. Alisikia Faustina akihema puani, kama anavyofanya akitia uzi kwenye sindano.

"Didas?"

"Hakuna," Didas alisema, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Sasa hakuna kabisa, dada. Hata mwanzo hakuna."

"Haiwezekani. Mmeufungua upya?"

"Tumeufungua hapo hapo ilipolala. Hatujaigusa simu, tumeogopa kuiharibu."

Yule dalali wa pikipiki alikuwa amesogea, alisikika karibu zaidi. Safari hii sauti yake haikuwa ya utani, ilikuwa ya huruma, na huruma ndiyo ilimuuma Evarista kuliko kachumbari. "Mama, mimi nazichukua hivi zilivyo. Bei ya nyanya laini unaijua. Usijitese na jua."

Faustina hakumtukana. Hilo lilimtisha Evarista kuliko yote. Shangazi aliyemjua yeye hajawahi kukosa la kumjibu dalali.

"Kaka Bhavin," akasema, "kwako kimetokea, kwao hakijatokea."

Bhavin akaichukua simu yake kwenye kaunta. Hajui skripti, lakini amekulia dukani, na mtu wa dukani hurudia alichofanya mteja kabla ya kusema mteja mwongo. Akaufunga ukurasa. Akailaza simu ubavu kwanza, akaiegemeza kwa kisanduku cha kalamu, ndipo akaufungua kwa kidole kimoja bila kuinyanyua.

Hakuna kitufe.

Wakatazamana. Bhavin akainyanyua simu, ikawa wima. Kitufe hiki hapa.

"Kinangoja igeuzwe," Bhavin alisema.

"Kinangoja igeuzwe," Evarista akarudia, akakimbilia kiti. Kwa haraka yake alikuwa amelihamisha swali, hakuliongeza. Skripti ya kwanza iliuliza mlangoni ikalala. Hii ya pili haikuuliza kabisa mlangoni. Ilikaa imetega sikio, na kioo kisipobadilika haikuwa na la kufanya, nacho kitufe hakikuwa na mahali mpaka skripti ikiweke. Kwa watu walioiacha simu imelala tangu mwanzo, hapakuwa na badiliko la kusikilizwa, na kuwaambia waigeuze ndipo kionekane kungekuwa dalali yule yule.

Simu ikatetemeka mezani: ujumbe wa Ikupa. *Amefika chini. Simu yake imewaka.*

Evarista hakuugusa. Aliutenga ule ulizaji wa kioo ukawa kazi moja yenye jina lake, akaiita mara ya kwanza hapo hapo ukurasa unapofunguka, akaiacha isikilize na kuitwa tena kila kioo kikibadilika. Uliza ukiingia, na uliza kila mara mambo yakigeuka. Maneno machache tu. Akayasoma mara moja kwa jicho, mara nyingine kwa mdomo, kama mtoto anayesoma ubao. Hakutaka kuyatuma. Mara mbili alikuwa na uhakika siku hiyo, na mara mbili uhakika ule ulimwaibisha mbele ya watu wake.

"Ijaribu imelala," alimwambia Bhavin.

Kipo.

"Ifunge. Ifungue wima. Ilaze. Isimamishe. Ilaze tena."

Kipo. Kipo. Kipo. Kila mara kilihama chini na pembeni kama mtoto anayemfuata mama yake jikoni.

"Dada Evarista," Bhavin alisema taratibu, "lori halingoji majaribio. Tuma."

Akatuma. "Didas. Didas, mara ya mwisho. Waufungue upya. Hapo hapo ilipolala, msiiguse."

"Faustina, fungua," Didas alisema kule.

"Nifungue nini tena? Nimechoka kufungua."

"Fungua mama, mtoto anakuomba."

Mlandege barabarani pikipiki zilipita, muuza karanga akapita, mteja wa cheti akakohoa mlangoni. Evarista aliona kwamba alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Kijani," ilikuwa sauti ya Mzee Kalinga. "Pale pembeni. Didas, unakiona?"

"Nakiona, mzee."

"Mwenye mali, unakiona?"

"Mzee Kalinga, macho yangu hayajatoka kichwani, nakiona!"

"Igeuze kwanza. Tuone kama kitatoroka."

"Mzee!" Evarista alipiga kelele, na Bhavin akashtuka. "Mzee, Abrahamu amefika chini ya mlima, ataondoka!"

"Igeuze," Mzee Kalinga alirudia, bila kupandisha sauti. Ikageuzwa. Ikarudishwa. Evarista aliona jasho likimtoka katika baridi ya Iringa kana kwamba yeye ndiye aliyeketi kule kwenye tenga.

"Hakitoroki," Mzee Kalinga alisema hatimaye. "Bonyeza."

Faustina akabonyeza.

Kisha ikawa kungoja, na kungoja huko hakukuwa na la kurekebisha. Ikupa alipiga kwenye simu ya Bhavin: jina la shangazi limeingia, analiona yeye Uyole, lakini kama Abrahamu alikuwa bado anatazama simu au ameshashika usukani, hajui, amempigia, hapokei. "Labda yuko njiani," akasema. "Labda anakojoa nyuma ya tairi. Mwenzangu, sijui." Bhavin akaleta chai, ikapoa. Mteja wa cheti alipewa nakala yake na hakuondoka. Alikuwa ameshajua habari yote na alitaka kuona mwisho wake.

Simu ya Didas ilikuwa bado hewani. Evarista aliisikiliza kama mtu anayesikiliza ukutani kwa jirani. Upepo. Kuku. Gari dogo likipita kwa kasi. Lori likaja, likavuma, likapita, na Didas akasema si lenyewe, hilo ni la mbao za Mgololo. Dalali akawasha pikipiki yake, akaizima. Lori jingine.

Hili halikupita. Lilivuma, likapunguza, breki zikalia ule mlio wa kupasua meno, kisha ukasikika mlango.

"Mwenye jina la Faustina ndiye nani?" sauti ya mwanamume iliuliza. "Nilikuwa nimeshawasha gari niondoke, simu ikapiga kengele."

Evarista akakilaza kichwa mezani. Bhavin alikwenda akaketi nyuma ya kaunta, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kule Mbuyuni hakuna aliyekumbuka kuikata simu. Didas aliitia mfukoni na kuanza kubeba. Zikasikika mbao za matenga zikigongana na bodi ya lori, watu wakisema "lete, lete, taratibu", Mzee Kalinga akikohoa. Yule dalali aliuliza, safari hii kwa adabu, kama lori hilo hupita kila wiki, na Mzee Kalinga akamjibu akalete majirani zake wawili ndipo aelezwe.

"Wewe baba!" Faustina aliruka ghafla, sauti yake imerudi yote. "Hilo tenga unaliweka wapi? Chini? Na hizo zilizoiva? Nani alikufundisha kupakia, mama yako au ng'ombe wake?"

"Mama, mimi ni dereva, sikusomea nyanya," Abrahamu alijibu.

"Basi shuka, nipande mwenyewe!"

Evarista aliisogeza simu sikioni, akabaki anasikiliza.